Nani Alipe Paa? Hesabu Iliyojificha Ndani ya Michango ya Jengo la Pamoja

Paa likiwa jipya halimsumbui mtu. Miaka inapita, wapangaji wanahama, wamiliki wanauziana, na huko juu ambako hapandi mtu isipokuwa fundi, jua na mvua vinaendelea na kazi yao. Siku likianza kuvuja ndipo swali linapoulizwa mkutanoni: nani alipe? Jibu la haraka ni "sisi tuliopo". Lakini tuliopo ni akina nani? Yupo aliyenunua mwezi uliopita. Yupo aliyekaa chini ya paa hilo miaka kumi na minane na sasa anatafuta mteja. Wote wawili watatozwa sawa. Na yule aliyeuza mwaka jana, ambaye amelitumia paa kuliko wote, hatatozwa hata senti.

Mfuko wa akiba ya matengenezo makubwa ulibuniwa kwa ajili ya swali hilo. Katika majengo ya kondominiamu, ambako kila mtu anamiliki nyumba yake na sehemu za pamoja ni za wote, na katika mitaa yenye vyama vya wamiliki, kila mwenye nyumba hutoa mchango wa mwezi, na mchango huo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza inaliwa mwezi huohuo: umeme wa korido, mlinzi, usafi, bima, maji ya bustani. Ya pili inawekwa kando kwa ajili ya vitu vikubwa vinavyokufa polepole, yaani paa, lifti, pampu, lami ya maegesho, rangi ya nje. Sehemu ya kwanza ikikosekana, taa zinazimika na watu wanapiga kelele. Ya pili inaweza kukosekana miaka kumi na mitano bila mtu yeyote kuona tofauti. Ndiyo maana huibiwa kila mwaka, kwa kura halali na mikono juu.

Tumezoea kuambiwa tuzibe ufa ili tusije tukajenga ukuta. Ni ushauri mzuri kwa matengenezo ya kila siku, lakini hapa haufiki mbali. Hapa ukuta utajengwa tu, hata kama kila ufa uliopata kutokea ulizibwa siku ileile. Lifti inayotiwa grisi na kukaguliwa kwa wakati bado itafika siku ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Matunzo husogeza tarehe hiyo mbele. Hayaifuti.

Kwa hiyo mchango wa akiba haufanani sana na akiba ya mtu binafsi, ya kuweka kidogo ili kesho uwe nacho. Unafanana zaidi na kodi ya pango. Ukilala mwaka mzima chini ya paa linalodumu miaka ishirini, umetumia sehemu moja ya ishirini ya paa hilo. Umeshalila. Swali lililobaki ni kama umelipia ulichokula au umemwachia bili atakayekuja.

Chombo cha kupima jambo hilo kinaitwa tathmini ya akiba. Mtaalamu hulitembelea jengo, huorodhesha vitu vya pamoja, hukadiria kila kimoja kimebakiza miaka mingapi na kukibadilisha kutagharimu kiasi gani, kisha hulinganisha na fedha zilizopo benki na kupendekeza mchango wa miaka thelathini ijayo au zaidi. Huko Marekani, Community Associations Institute, taasisi inayohusika na vyama vya wamiliki, ilitoa viwango vya kitaifa vya kazi hii mwaka 1998 na kuviboresha mwaka 2023, na lugha inayotumika humu kwa sehemu kubwa inatoka huko.

Nusu ya kwanza ya tathmini ni ya macho na miguu. Ili kitu kiingie kwenye orodha, kwa kawaida huulizwa maswali manne. Je, ni wajibu wa chama kukitengeneza, au ni cha mwenye nyumba? Je, kina mwisho wa maisha? Je, mwisho huo unaweza kukadiriwa? Na je, gharama yake ni kubwa kiasi cha kutoweza kulipwa kutoka bajeti ya mwaka? Balbu ya ngazini inashindwa swali la nne. Paa linapita yote. Ugomvi mara nyingi uko kwenye swali la kwanza: madirisha ni ya nani? Baraza? Bomba lililo ndani ya ukuta unaotenganisha nyumba mbili? Majibu yako kwenye hati za chama, na tathmini iliyofanywa bila kuzisoma hati hizo ni kupoteza fedha.

Nusu ya pili ni ya kalamu, na hapo ndipo wengi hupotea. Tufanye hesabu polepole.

Chukua jengo lenye vitu vitatu tu. Paa linadumu miaka 20, kulibadilisha ni milioni 100, na sasa lina miaka 15. Lifti inadumu miaka 30, ni milioni 240, ina miaka 10. Rangi ya nje hudumu miaka 8, ni milioni 24, na ilipakwa miaka 6 iliyopita. Fedha ni ya nchi yoyote utakayo. Mfumuko wa bei na riba ya benki tuviweke pembeni kwanza.

Paa limekwisha kwa robo tatu, kwa hiyo wamiliki wa jana na leo wametumia milioni 75. Lifti imekwisha kwa theluthi: milioni 80. Rangi imekwisha kwa robo tatu: milioni 18. Jumla ni milioni 173. Hiyo ndiyo akiba kamili, kiasi ambacho kingekuwa benki leo kama kila mtu angelipia alichotumia siku alipokitumia. Sasa tuseme benki kuna milioni 69. Gawanya, unapata takriban asilimia 40. Wanaofanya kazi hii huiita asilimia ya utoshelevu, na wengi wao huigawa hivi: chini ya 30 ni dhaifu, kati ya 30 na 70 ni wastani, juu ya 70 ni imara.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba asilimia 40 maana yake jengo lina asilimia 40 ya fedha zote zitakazohitajika. Sivyo. Kubadilisha vitu vyote vitatu ni milioni 364, na hakuna anayesema milioni 364 ziwe benki leo. Asilimia hii hupima fedha zilizopo dhidi ya uchakavu uliokwisha kutokea, basi.

Kosa la pili ni baya zaidi, na kamati nyingi za uongozi hulifanya kwa nia njema kabisa. Mweka hazina huangalia mbele miaka mitano. Baada ya miaka miwili tutapaka rangi, milioni 24. Mwaka wa tano tutaezeka upya, milioni 100. Jumla 124. Tuna 69. Tumepungukiwa 55, kwa hiyo tuchangishe milioni 11 kwa mwaka na tutakuwa salama. Hesabu ni sahihi. Mwaka wa tano paa jipya linang'aa, hakuna aliyetozwa mchango wa dharura, na mweka hazina anapigiwa makofi.

Kumbe benki kuna sifuri. Lifti sasa ina miaka 15, imekwisha nusu, milioni 120. Rangi ina miaka mitatu, milioni 9. Jengo lenye paa jipya lina deni la milioni 129 na hazina tupu. Lilianza na nakisi ya milioni 104. Limemaliza na kubwa zaidi. Wakiendelea na milioni 11 kwa mwaka, watapaka rangi mwaka wa 10 na wa 18 bila shida, na mwaka wa 20 lifti itakapohitaji kubadilishwa watakuwa na milioni 117 mkononi mbele ya bili ya milioni 240.

Uchakavu wa kweli wa jengo hili kwa mwaka ni rahisi kuupata: milioni 5 za paa, 8 za lifti, 3 za rangi. Jumla 16. Je, wakichanga 16 badala ya 11? Watafika mwaka wa 20 wakiwa na milioni 217. Bado wamepungukiwa 23. Wapo wanaoshangaa hapa: tumelipa kila tulichotumia kwa miaka ishirini, pengo limetoka wapi? Limetoka kwa waliowatangulia. Nakisi ya milioni 104 waliyoanza nayo haijapungua hata kidogo, kwa sababu kulipia uchakavu wa mwaka huu hakulipi uchakavu wa mwaka juzi. Jengo lililochelewa lazima lilipe zaidi ya linachotumia, kwa miaka mingi, hadi litakapofika lilipopaswa kuwa. Hakuna ujanja wa kihasibu wa kulikwepa hilo, na ndiyo taarifa chungu kuliko zote anayoibeba mtaalamu akiingia mkutanoni.

Ukirudisha mfumuko wa bei, mambo yanakaza. Gharama zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, lifti ya milioni 240 baada ya miaka 20 itakuwa karibu milioni 526. Riba ya benki husaidia kidogo, lakini akiba ndogo huzaa riba ndogo, na aliyechelewa hukosa hata msaada huo.

Kutokana na hesabu hizi huzaliwa malengo matatu ya uchangiaji. Lengo la chini ni kuhakikisha akaunti haigusi chini ya sifuri katika kipindi chote cha mpango. Lengo la kati huweka sakafu juu ya sifuri, kwa mfano kiasi fulani cha fedha au asilimia fulani. Lengo la juu ni kufikia akiba kamili na kubaki hapo. Kwa kitabu, lengo la chini halina kosa, maana kila bili inalipwa siku yake. Kwa maisha ya kweli linadai kwamba paa lisife mwaka mmoja kabla ya tarehe, mkandarasi asipandishe bei, na mmiliki hata mmoja asichelewe kulipa. Mimi jengo linalotembea karibu na sifuri nisingelinunua.

Pia kuna njia mbili za kuzipanga fedha. Ya kwanza hufungua kibubu kwa kila kitu: hiki cha paa, hiki cha lifti, na cha paa hakiguswi kwa lifti. Ya pili huweka kila kitu kwenye chungu kimoja na kuangalia kama fedha zitatosha kadiri miaka inavyokwenda. Chungu kimoja hulegeza mambo, kwa sababu vitu havifi siku moja na fedha ya kimoja husaidia kingine kikitangulia. Lakini pia huficha. Katika mfano wetu ilikuwa fedha ya lifti iliyoezeka paa, na hakuna aliyeona.

Sasa tuseme neno kuhusu kile ambacho tathmini haioni, maana hapo ndipo watu walipokufa.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, sehemu ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South liliporomoka huko Surfside, Florida, na kuua watu 98. Lilijengwa mwaka 1981 na lilikuwa na nyumba 136. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika kwamba zuio la maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeshindwa kazi na kwamba zege limeharibika vibaya. Ukarabati ulijadiliwa, ukabishaniwa, ukaahirishwa. Akiba ya chama ilikuwa chini ya asilimia 7 ya akiba kamili: takriban dola 700,000 mahali palipohitaji zaidi ya dola milioni 10. Aprili 2021 chama kiliidhinisha mchango maalumu wa dola milioni 15, ambao kwa nyumba moja moja ulianzia dola 80,000 hivi hadi zaidi ya dola 330,000 kwa ile kubwa ya juu kabisa. Siku chache kabla ya malipo kuanza, jengo likaanguka.

Ni rahisi kusema akiba ndogo ndiyo iliyowaua. Ukweli una mikunjo zaidi. Wachunguzi wa NIST, taasisi ya serikali kuu ya Marekani ya viwango na teknolojia, wameonyesha kwamba sakafu ya eneo la bwawa ilikuwa na udhaifu mkubwa tangu ilivyosanifiwa na kujengwa, na nguvu zake zilikuwa pungufu kuliko kanuni za wakati huo zilivyotaka. Mfuko uliojaa usingebadilisha michoro ya awali ya jengo. Ungebadilisha kitu kimoja: muda kati ya ripoti ya mhandisi na siku mafundi wanapoingia. Jengo lenye fedha humwita mkandarasi. Lisilo na fedha huitisha mkutano, kisha mwingine.

Na kumbuka yale maswali manne. Swali la tatu linataka mwisho wa maisha unaokadirika. Nguzo, misingi na sakafu za zege hazipewi mwisho, huhesabika kuwa zitadumu kadiri jengo litakavyodumu. Kwa miaka mingi tathmini ziliziacha nje, pamoja na mabomba yaliyozikwa ukutani. Isitoshe, anayefanya tathmini hutazama kwa macho. Hatoboi zege wala hapimi nondo. Mwenye kusoma ripoti safi akadhani jengo limekaguliwa uimara wake amechanganya karatasi mbili tofauti.

Florida ilijaribu kuziunganisha. Kabla ya hapo, sheria ya jimbo hilo iliwaruhusu wamiliki kupiga kura kila mwaka wasichangie akiba yote, au hata wasichangie kabisa, na wengi walifanya hivyo. Sheria ya Mei 2022 ilidai kwamba majengo ya kondominiamu yenye ghorofa tatu au zaidi yafanyiwe tathmini ya akiba inayogusa uimara wa jengo angalau mara moja kila miaka 10, ikihusisha paa, muundo unaobeba uzito, kinga ya moto, mabomba, umeme, zuio la maji na rangi ya nje, madirisha na milango ya nje. Ile kura ya kutochangia ikaondolewa kwa vitu hivyo, kuanzia bajeti zilizopitishwa mwishoni mwa 2024. Matokeo yalikuwa kama mfano wetu wa lifti, ila kwa maelfu ya majengo kwa mpigo. Nakisi ya miaka thelathini ilidaiwa ndani ya miaka michache. Wastaafu walionunua kwa sababu michango ilikuwa midogo wakakuta midogo ile ilikuwa mkopo, na wengine wakalazimika kuuza. Mwaka 2025 wabunge wakalegeza kamba: tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 31 Desemba 2025, na vyama vikapewa njia ya kutumia mikopo kujaza sehemu ya akiba.

Kwingine wamepita njia tofauti. California inataka ukaguzi wa macho angalau kila miaka mitatu na wamiliki waelezwe hali ya akiba, lakini haiwalazimishi kuijaza. Inaamini aibu itafanya kazi. Ontario, huko Kanada, inataka tathmini irudiwe kila miaka mitatu. Ufaransa tangu 2017 imekilazimisha chama kuwa na mfuko wa matengenezo, na kiwango cha chini kilichowekwa kilikuwa asilimia 5 ya bajeti ya mwaka. Sheria ya Kifaransa ina kipengele ninachokipenda: fedha ulizochanga zinafuata nyumba. Ukiuza, chama hakikurudishii. Wengi huona ni uonevu, lakini rudi kwenye kodi ya paa uone mantiki yake. Ulichokilipia ulikitumia.

Benki nazo zimeingia. Marekani, Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, huangalia bajeti ya chama kabla ya kukubali mkopo wa nyumba iliyo ndani yake, na kwa miaka mingi kipimo chake cha kawaida kilikuwa angalau asilimia 10 ya bajeti iende kwenye akiba. Ni kipimo cha haraka na hakijui lifti yako ina miaka mingapi. Jengo linaweza kukipita na bado likawa taabani. Ila jengo lisilokipita hupata shida nyingine: wanunuzi wake wananyimwa mikopo, bei zinashuka, na wamiliki wanapata sababu mpya ya kukataa kupandisha michango.

Kwa nini basi kamati hazipandishi mapema? Sioni kama ni ujinga. Wajumbe ni majirani wanaojitolea, wanachaguliwa kwa mwaka mmoja au miwili, na kila siku hupanda lifti moja na watu watakaowatoza. Anayepandisha leo analaumiwa leo. Anayeahirisha atakuwa amehama lawama itakapofika. Tathmini iliyofanywa na mtu wa nje huwasaidia zaidi kisiasa kuliko kihesabu, kwa sababu mjumbe anaweza kuinyanyua karatasi na kusema, si mimi niliyeipanga namba hii.

Ukiwa unanunua nyumba kwenye jengo la namna hii, iombe tathmini kabla ya kuweka saini. Tazama tarehe kwanza. Ya miaka saba iliyopita ni ya jengo jingine. Tazama kama mchango uliopendekezwa ndio unaotozwa, maana vyama vingi hulipia ripoti kisha huiweka kabatini. Halafu nenda kwenye safu ya miaka iliyobaki na utafute sifuri. Sifuri maana yake kitu kimepita umri wake na bado kinatumika, kwa bahati au kwa viraka. Ukiiona mbele ya neno paa, chukua gharama iliyoandikwa pembeni, toa fedha iliyopo benki kwa ajili yake, zidisha kwa sehemu yako ya umiliki, kisha rudi kwa muuzaji na namba hiyo mkononi. Ni paa alilolitumia yeye, na bei bado haijafungwa.